Mashua Iliyokuja kwa Lori

Lori lililobeba mashua liliingia Ifakara mchana kweupe, na watu wote wa barabara kuu wakasimama kulitazama. Waendesha baiskeli walishuka. Wauza mchele walitoka vibandani. Mashua yenyewe ilikuwa nyeupe, tumbo lake la buluu, imechomoza nyuma ya lori kiasi cha kufungiwa kitambaa chekundu. Mlingoti ulikuwa umelazwa juu yake, umekazwa kwa kamba pamoja na godoro, masufuria na jiko la gesi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi alipaza sauti, "Jamani, na bahari yake inakuja na lori gani?" Watu wakaangua kicheko.

Kichwani mwa lori, Agnetha alivuta kanga yake mpaka ikamfunika paji la uso. Alikuwa amebanwa katikati, dereva upande mmoja, mumewe upande mwingine. Mumewe, Dionisi, alikuwa ametoa mkono dirishani akiwapungia watu kama mgombea wa ubunge.

"Baba Omega, hebu ingiza mkono ndani."

"Waache wafurahi, Mama Omega. Kitu kama hiki wamekiona lini?"

"Hawafurahi. Wanatucheka."

"Si ndiyo kufurahi kwenyewe?"

Agnetha aliivuta kanga tena. Tangu watoke Dar es Salaam alikuwa akijiuliza ni wapi hasa alipokosea, ni neno gani alilolitamka vibaya hata akajikuta yuko juu ya lori hili. Na neno lenyewe alilijua vizuri sana. Alikuwa amesema, "Bahari sipandi. Ingekuwa mto, ningefikiria." Alisema hivyo ili kumaliza mjadala. Dionisi akaenda kutafuta mto.

Kwa miaka mingi Dionisi alikuwa fundi wa injini kwenye boti za abiria bandarini. Siku za mapumziko aliitwa kutengeneza injini za mashua ndogo za wazungu, zile zenye matanga na vyumba vya kulala ndani, na huko ndiko alikoambukizwa. Alikutana na watu wazima, mume na mke, waliouza kila kitu kwao na kuhamia ndani ya mashua. Wanaamka wanapotaka, wanang'oa nanga wanapotaka. Dionisi alirudi nyumbani Tabata jioni ile akiwa mkimya, akakaa uani akisikiliza redio za majirani, honi, na mlio wa mashine ya kukata vyuma nyumba ya pili, kisha akasema, "Hivi sisi tunasubiri nini?" Omega, mtoto wao wa mwisho, alikuwa ameshapata kazi na kupanga chumba chake. Nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili, na hata mambo ya kugombania yalikuwa yameisha.

Mashua aliipata kwa mzee mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao na kuiacha ikioza ufukweni. Ilikuwa ndogo kuliko zile nyingine, na jambo moja lilimfurahisha sana Dionisi: mkuku wake, ule ubao mzito wa chini unaoizuia mashua isipinduke, uliweza kuvutwa juu kwa kamba. Maana yake ingeweza kuelea penye maji haba. Maana yake ingeweza kukaa mtoni. Na mto wa kukaa alikuwa nao, kwa sababu baba yake alikuwa Mndamba wa upande wa Malinyi, mvuvi, na Dionisi aliondoka bondeni akiwa kijana mdogo bila kurudi isipokuwa kwenye misiba.

Agnetha naye alikuwa mtu wa bonde, lakini wa Kisawasawa, kwenye miguu ya milima ya Udzungwa, ambako maji mtu hukutana nayo kwenye ndoo tu. Hakujua kuogelea. Dar alikuwa na saluni yenye wateja wake wa miaka, wanawake waliomletea vichwa vyao na siri zao. Alipoifunga walilia. Mmoja alimuuliza, "Kwani amekulisha nini huyo mwanaume?"

*

Waliiteremsha mashua Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, upande wa juu wa daraja kubwa, maana mlingoti ukishasimamishwa haupiti chini yake. Ilikuwa mvua zimeshaanza na Kilombero umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita na vichaka vizima vya matete vilivyong'oka huko juu. Wavuvi walisaidia kusukuma. Mashua ilipoingia majini na kusimama wima, nyepesi kama kitu kisichowahi kubebwa na lori, Dionisi alitoa machozi. Agnetha aliyaona, na kwa ajili ya machozi yale akapanda.

Wiki za mwanzo zilikuwa za taabu. Chumba cha ndani kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akivaa, mwingine inabidi alale. Agnetha aligonga kichwa kila alipoinuka. Jioni viboko walikoroma karibu mno, na yeye alikaa katikati ya kitanda kana kwamba kukaa katikati kungesaidia kitu. Jaketi la kuokolea alilivaa akipika, akila, hata akipiga mswaki. Wavuvi waliopita na mitumbwi yao walimwita Mama Boya, bila ubaya.

Dionisi alikuwa na furaha ya mtoto. Alimfundisha majina ya kamba na kazi zake, alimwonyesha jinsi ya kuinua na kushusha mkuku, jinsi ya kulitazama tanga likipigapiga na kujua linataka nini. Agnetha alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba msibani.

Kisha maji yakatoka kwenye kingo. Mbuga yote ile ya kati ya Ifakara na Malinyi, ambayo kiangazi ni majani na ng'ombe na sheshe, wale swala wa mabondeni, wanaokimbia makundi kwa makundi, ikageuka ziwa. Siku moja baada ya chakula cha mchana upepo ulianza kupanda bonde, Dionisi akapandisha tanga kubwa, wakatoka mtoni na kuingia mbugani. Chini yao majani yalikuwa yamelala kwa kufuata mkondo, marefu, ya kijani, kama nywele ndani ya maji. Hakukuwa na sauti ya injini. Ilikuwa sauti ya maji tu, yakijikwaruza ubavuni.

"Shika hapa," Dionisi alisema, akamwekea mkono wa usukani mkononi.

"Mimi? Usinifanyie utani."

"Shika. Usishindane nao. Usikie tu unavyovuta."

Aliushika. Ulikuwa unatetemeka kidogo, na mtetemo ule aliujua, ingawa ilimchukua muda kukumbuka ni wa wapi. Ulikuwa kama kichwa cha mteja aliyeanza kusinzia wakati anasukwa: unakipa nafasi, unakirudisha, hukikabi. Mashua ilielekea kushoto, akairudisha. Ikalalia ubavu kidogo, akapiga kelele, ikasimama tena. Dionisi alikuwa akicheka. Milima ya Udzungwa ilikuwa upande mmoja, imevaa mawingu kiunoni, na ya Mahenge upande mwingine, na katikati yote yale yeye Agnetha wa Kisawasawa ndiye aliyekuwa anaamua waende wapi.

Jioni ile alipokuwa akipika aligundua hajavaa jaketi. Alilitafuta kwa macho, akaliona linaning'inia, akaendelea kukata vitunguu.

*

Aliyemfungulia mlango wa pili alikuwa Marsiana. Huyu alikuwa mwanamke wa kambi moja ya wavuvi iliyokuwa juu ya mwinuko wa ardhi usiofikiwa na maji, mkaushaji wa samaki, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alikuja na mtumbwi wake mpaka ubavuni mwa mashua, akashika ukingo.

"Hodi humo! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimesikia wewe ni msusi wa Dar."

"Nilikuwa."

"Sasa mikono imekatika?" Marsiana alivua kilemba. Nywele zilikuwa na moshi wa samaki wa mwaka mzima. "Nina harusi ya mdogo wangu Lupiro. Usiniache niende hivi."

Agnetha alimsuka pale pale nje, miguu ya Marsiana ikining'inia juu ya maji, wakizungumza mpaka jua likageuka. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Baadaye ikawa kambi zinaulizana: mashua ya msusi iko wapi leo? Wengine walilipa kwa pesa, wengine kwa kambale wakavu na mchele, na kuna mmoja aliyelipa kwa kumfundisha kuogelea, kwenye kidimbwi cha maji tulivu ambacho wanawake wenyewe walikikagua kwanza kwa fito. Walimletea habari za mto pia: fungu la mchanga limehama, kiboko jike amezaa pale kwenye kona, msipite karibu. Agnetha aliyasikia yote huku vidole vikikimbia. Saluni ya Dar ilikuwa na kioo na feni. Hii haikuwa na chochote, na vichwa vilikuwa vile vile, na siri zile zile.

Omega alipopiga simu alikuja na swali lake. "Mama, watu ofisini wananiuliza wazazi wako wanaishi wapi. Niwaambie mtoni? Kama mamba?"

"Waambie Kilombero."

"Kilombero ni wilaya, mama. Mtaa gani?"

"Mtaa unahama, mwanangu," Agnetha alisema, akashangaa kusikia kwamba anacheka.

Katika kucheka huko hakuona mapema yaliyokuwa yakimpata mumewe. Au aliona, akayapa majina mengine. Mara pampu ya maji inasumbua, Dionisi anaomba wasogee karibu na daraja ili aende mjini kutafuta kifaa. Mara boliti imekatika. Mara kuna rangi fulani ambayo lazima aiangalie mwenyewe dukani. Alirudi jioni amechangamka, ananuka mafuta ya mashine na nyama ya kuchoma, ana habari za mpira na za siasa. Asubuhi uchangamfu umekwisha. Alikaa mbele ya mashua ameshika kikombe cha chai mpaka kinapoa, akitazama maji kama mtu anayesubiri gari lililochelewa.

"Unaumwa, Baba Omega?"

"Sijambo. Nawaza tu."

"Unawaza nini?"

"Hiyo pampu."

*

Siku moja nywele za kusukia zilimwishia Agnetha akiwa na wateja wanaosubiri. Dionisi alikuwa ametangulia mjini tangu asubuhi. Agnetha akapanda bodaboda pale darajani akaenda mwenyewe, kwenye duka la vipodozi la binti mmoja aitwaye Asmahani. Duka hilo liko mkabala na duka la vipuri la baba yake Asmahani, Mzee Zubeiri, ambaye anauza vifaa vya pampu za mashambani na matrekta madogo ya kulimia mpunga.

Agnetha alikuwa akichagua rangi aliposikia kicheko. Aligeuka kabla hajafikiri. Ng'ambo ya barabara, chini ya bati la Mzee Zubeiri, Dionisi alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, mikono myeusi mpaka viwiko, mbele yake trekta dogo limefunguliwa matumbo. Wanaume walikuwa wamemzunguka. Alikuwa akisimulia kitu, spana hewani, na wote walikuwa wameshika mbavu. Injini iliunguruma, ikakohoa, ikashika, na Dionisi akainua mikono yote miwili juu kama aliyefunga goli.

"Yule fundi ni nani?" Agnetha aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo.

"Yule?" Asmahani alinyoosha shingo. "Wanamwita Kapteni. Karibu kila siku yupo. Baba anasema tangu aje, duka limekuwa kama baraza la harusi. Anamwomba achukue kile chumba cha nyuma afungue karakana, yeye anasema ngoja kwanza. Sijui anangoja nini. Wewe nikupe nyeusi au hii ya kahawia?"

"Nyeusi," alisema Agnetha.

Hakuvuka barabara. Alirudi darajani akiwa ameupakata mfuko wa nywele mapajani, upepo wa pikipiki ukimtoa machozi, na mengine hayakuwa ya upepo. Asingeumia hivi kama angemkuta na mwanamke. Angalau hapo angejua la kufanya. Angepiga kelele, dada zake wangekuja. Lakini utampigia nani kelele kwa sababu mumeo amecheka? Na hata hakuwa amedanganya sana. Pampu kweli alikuwa anazitengeneza. Tatizo ni kwamba hazikuwa zao.

Jioni Dionisi aliporudi, Agnetha alimpakulia chakula, akampa maji ya kunawa, hakusema kitu. Na Dionisi, kama aliyeonywa na ukimya ule, akasema ghafla, "Kesho kutwa tupande mpaka kwa baba. Upande wa Malinyi. Tangu tuje tunasema tutakwenda."

"Maji yanapungua, Baba Omega. Marsiana anasema mafungu yameanza kutoka."

"Tutapita. Hii mashua imetengenezwa kwa kazi hiyo."

*

Hawakupita. Siku ya pili ya safari, mchana, wakiwa na upepo mzuri mgongoni na Dionisi kwenye usukani, mashua ilipanda fungu la mchanga kwa mlio kama wa mtu anayekokota kabati sakafuni. Ikasimama. Mkuku ulikuwa umeinuliwa nusu tu, na sasa ulikuwa umebanwa na mchanga, haupandi wala haushuki. Dionisi aliwasha injini, injini ikatimua matope. Alisukuma kwa mti mrefu, mti ukavunjika. Ndipo akafanya kitu ambacho Agnetha hakuwahi kumwona akifanya: akaanza kuutukana mto. Aliutukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kindamba, lugha ambayo alikuwa akidai ameisahau. Akavua shati akaruka majini, maji yakamfika kiunoni, akaweka bega kwenye ubavu wa mashua.

"Toka humo!" Agnetha alipiga kelele. "Dionisi! Toka!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. Labda jina ndilo lililomtoa, maana mamba ambaye Agnetha alimhofia hakuonekana. Alipanda, akakaa sakafuni ameloana, anatweta.

Walilala pale. Asubuhi Dionisi aliifungua injini yote, isiyokuwa na ubovu wowote, akatandaza vipande vyake juu ya turubai, akavisafisha kimoja kimoja. Agnetha alimtazama kwa muda. Kisha akamletea chai, akakaa ng'ambo ya lile turubai.

"Nilikwenda kwa Asmahani kununua nywele," alisema.

Mkono wa Dionisi ulisimama.

"Lini?"

"Siku ya lile trekta."

Alikiweka chini kipande alichokuwa nacho. Ndege wadogo wa matete walikuwa wakipiga kelele kwelikweli, kama wanafunzi mwalimu akitoka darasani.

"Kwa nini hukuja pale?"

"Ulikuwa unacheka. Sikutaka uache."

Dionisi alijifuta uso kwa mkono wenye mafuta, akajipaka. "Mama Omega, nilikutoa kwenye saluni yako. Nilikutoa kwa majirani zako. Nimekubebesha kwenye lori watu wakitucheka. Halafu nije nikwambie nimechoka? Ningeanzaje?"

"Ungeanza hivyo hivyo. 'Nimechoka.' Si neno refu."

"Nilidhani utakasirika."

"Nimekasirika. Ila si kwa kuchoka. Ni kwa kuniambia pampu."

Dionisi alisogeza spana kando. Kisha maneno yakamtoka taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo akiogopa kuvunja vilivyomo. Alisema tangu ujana wake amelala karibu na injini. Hata Tabata, kelele alizokuwa akizilaumu ndizo zilizokuwa zikimlaza. Huku akilala anasikia damu yake mwenyewe masikioni. Alisema mashua aliipenda ilipokuwa imevunjika. Kila jioni alikuwa na kitu cha kuponya. Sasa imepona. "Wewe wanakuja watu na vichwa vyao," alisema. "Mimi naletewa nini? Ukimya huu unanikaba, Agnetha. Na niliuomba mwenyewe."

Agnetha alitazama mchanga uliokuwa umeanza kukauka ubavuni mwa mashua. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, alikuwa nayo tayari tangu siku ya bodaboda, lakini hayakupata pa kutokea. Alimwona mtu aliyekimbia mji kwa miaka yote mawazoni, akafika, akakuta si mji aliokuwa akiukimbia. Labda ulikuwa uzee. Labda ni uani penye watu wawili.

"Kwa hiyo unataka turudi Dar."

"Dar hapana. Pale kwa Mzee Zubeiri panatosha." Alisita. "Chumba kina nafasi ya wawili."

"Mimi siendi," Agnetha alisema.

Lilitoka lenyewe. Wote wawili walilitazama, neno lile, kama mgeni aliyeingia bila hodi. Agnetha alijaribu kulichunguza kama ni hasira au ni kiburi, akaona si lolote kati ya hayo. Alikuwa tu anasema alipo.

"Wewe?" Dionisi alisema. "Wewe uliyekuwa unapiga mswaki na jaketi?"

"Mimi huyo huyo."

Dionisi akaanza kucheka. Alicheka kwa mshangao kwanza, halafu kwa nguvu, mpaka mashua ikatikisika pale ilipokwama. Na Agnetha, ambaye bado alikuwa na hasira, akacheka naye kwa sababu hakuweza kujizuia.

Injini iliporudishwa mahali pake, upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Agnetha alisema, "Ulinifundisha kwamba mashua ikilala ubavu, mkuku wake unapanda juu." Dionisi akamtazama, akatazama tanga. "Tuilaze," akasema. Walihamisha kila kizito upande mmoja, masufuria, nanga, mchele, hata godoro. Wakasukuma boriti ya chini ya tanga itoke nje kabisa, Dionisi akaikumbatia akiwa ananing'inia juu ya maji, na Agnetha akalikaza tanga likashiba upepo. Mashua ilinung'unika, ikalala. Mkuku ukachomoka mchangani kwa mshindo mmoja, wakaserereka mpaka kwenye maji ya kina, Dionisi akipiga mayowe huku miguu yake ikiburuzwa mtoni.

Walirudi Ifakara. Hakuna aliyesema waendelee mbele.

*

Dionisi alihamia chumba cha nyuma cha Mzee Zubeiri kabla kiangazi hakijaanza. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Sokoni walisema mke amemtupa mume majini. Kambini walisema mume amemkimbia mke. Dada yake Agnetha alitoka Kisawasawa na gunia la ndizi na hotuba ndefu, akaimaliza hotuba akiwa anasukwa, akaondoka na kichwa kizuri. Padri aliwauliza wote wawili kwa pamoja kama wameachana. Dionisi alisema, "Hapana, baba. Tumepanga nyumba mbili tu, moja inaelea." Padri akasema atawaombea, akionekana hajui aombe nini hasa.

Haikuwa rahisi kama walivyoisema. Ziko jioni ambazo Agnetha alipakua sahani mbili. Iko siku alitia nanga vibaya, mashua ikaburuzwa mpaka kwenye matete, na alikaa akilia kwa hasira dhidi ya mwanaume aliyemleta kwenye maisha haya na kumwachia. Kisha alijinasua mwenyewe. Marsiana alianza kusafiri naye, akileta samaki wake mpaka darajani, na akawa mzuri wa kamba kuliko alivyokuwa mzuri wa kunyamaza. Kila Jumamosi Dionisi alikuja na spana zake, akakuta daima kuna kitu kimelegea. Agnetha alijifunza kutokaza vyote mwenyewe. Vingine alivilegeza makusudi.

Omega alikuja wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimerudi na mbuga imejaa tena. Alifika na viatu vya kisigino na uso wa hakimu. Alilala usiku mmoja kwa baba yake, katikati ya harufu ya dizeli, na usiku mmoja kwa mama yake. Asubuhi ya pili alikaa mbele ya mashua, miguu peku, wakati Agnetha akiitoa mtoni na kuiingiza mbugani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe.

"Mama," Omega alisema. "Baba anajua kwamba unaweza hivi?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na hamgombani?"

"Tunagombana Jumamosi."

Baada ya Omega kuondoka, Agnetha na Marsiana walipanda mto mpaka upande wa Malinyi. Maji yalikuwa mengi, mafungu yote yamezama, na upepo uliwashika mgongoni siku nzima. Karibu na kivuko cha mitumbwi waliona mtu amesimama ukingoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, anapunga kwa mikono miwili. Alikuwa Dionisi. Alipanda basi kupitia darajani na Lupiro, akamalizia kwa pikipiki, na alikuwa amefika tangu jana, amelala kwa binamu ambao hawakumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake. Sasa alikuwa nao wote nyuma yake, wanawake, wanaume na watoto, na katikati yao bibi mmoja mzee sana aliyeletwa juu ya kiti.

"Shangazi yangu," Dionisi alipaza sauti. "Nimemwambia mke wangu anakuja na mashua. Anasema mimi mwongo."

Agnetha alishusha tanga mapema kidogo, akaiacha mashua iende yenyewe, polepole, mpaka ikaligusa tope bila kutikisika. Marsiana akaruka na kamba. Bibi yule aliitazama mashua kuanzia mlingotini hadi majini, kisha akamtazama Agnetha kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi," Agnetha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayesuka?"

"Ni mimi."

"Basi shuka," alisema bibi, akivua kilemba chake. "Chai ipo."